Video zipi zitakufundisha kukereza mbao: jibu kwa seremala wa Pasua

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni seremala hapa Pasua, Moshi. Nimenunua mashine ya kukereza, ile inayozungusha mti huku unauchonga kwa patasi, iliyochomelewa na fundi wa mtaani. Ina mota ya fezi moja na ncha mbili za kubania mti, basi, haina kingine. Nataka kukereza miguu ya vitanda, na baadaye mabakuli ya mpingo ya kuwauzia watalii. Nimeangalia video mpaka bando linakata, kila mwalimu anasema lake. Wiki iliyopita nilijaribu bakuli, patasi ikakamata, gogo likaruka likapasua kioo cha dirisha. Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Niangalie video zipi, na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nashukuru kilichopasuka ni kioo. Kabla ya video, naomba mambo mawili. Bakuli liache kwanza. Na mashine usiiwashe tena bila kinga ya uso mzima, ile ya plastiki ngumu inayoshuka mpaka kidevuni. Miwani hailindi taya wala meno, na gogo likichomoka kwenye mashine huja usawa wa kichwa cha aliyesimama mbele yake. Wakereza wazoefu wameuawa hivyo, watu wenye mashine nzuri kuliko yangu na yako.

Sasa video. Naona ulikuwa ukizichagua kwa kuangalia kitu kilichotengenezwa: bakuli zuri, ukafungua. Chagua kwa mkato. Jiulize kesho asubuhi patasi ipi itagusa mti upi kwenye mashine yako hiyo ya ncha mbili, kisha tafuta video inayoonyesha makali ya patasi ya namna hiyo yakigusa mti wa namna hiyo, kwa karibu, polepole, bila kukatizwa. Bakuli lililokwisha kung'arishwa halikufundishi kukereza, kama chapati iliyoko sahanini isivyokufundisha kukanda unga.

Nikueleze kwanza kwa nini gogo liliruka, maana ukilielewa hilo utaweza kuzichuja video mwenyewe. Mguu wa kitanda na bakuli ni kazi mbili tofauti kabisa, ingawa mashine ni moja. Kwenye mguu, nyuzi za mti zinalala sambamba na mashine, kutoka ncha hadi ncha. Kwenye bakuli, kwa kawaida nyuzi zimekingama, kwa hiyo katika kila mzunguko mmoja patasi inakutana na ubavu wa nyuzi mara mbili na vichwa vya nyuzi mara mbili. Mguu hukatwa kutoka penye unene kushuka kwenye wembamba. Bakuli kwa nje hukatwa kinyume chake, kutoka kitakoni kwenda mdomoni, na kwa ndani kutoka mdomoni kwenda chini katikati. Ukienda upande usio wake, makali yanachimba chini ya nyuzi na kuzinyanyua, na mti ukiwa na uzito wa kilo kadhaa hausimami kukusubiri.

Kuna jambo la pili, na kwa swali lako nahisi limekugusa. Ile patasi pana yenye mfereji, tunayoitumia kuondoa pembe za mbao ya mraba iwe duara, si ya bakuli. Mkia wake unaoingia kwenye mpini kwa kawaida ni mwembamba, na ukiipeleka kwenye gogo lililokingama inakamata kwa nguvu kiasi kwamba mkia unaweza kuvunjika na kipande cha chuma kikabaki hewani. Kwa hiyo ukiona kwenye video mtu anaanza bakuli kwa patasi hiyo, funga. Hata kama bakuli lake linatoka zuri, hata kama ana watazamaji milioni. Hicho ndicho kichujio cha kwanza ninachowapa vijana wote, na kinaondoa video nyingi sana kwa mpigo mmoja.

Vichujio vingine ni vya macho tu, hata lugha huhitaji. Mwalimu akivaa glavu huku mti unazunguka, mwache. Glavu ikinaswa mkono unafuata. Pete, saa, mikono mirefu inayoning'inia, kamba ya kitambulisho shingoni, vivyo hivyo. Akipiga msasa huku egemeo la patasi bado liko mahali pake karibu na mti, ujue hajali vidole vyake wala vyako. Akipaka vanishi au nta kwa kitambaa alichokizungusha kidoleni huku mashine inakwenda, mwache pia. Anayejua hutumia karatasi laini inayokatika ikinaswa. Halafu muangalie anavyowasha. Mwalimu mzuri huuzungusha mti kwa mkono kwanza, kuona kama unagonga egemeo, kisha anasimama pembeni ya mstari wa mti ndipo anabonyeza. Hayo yote yanaonekana katika dakika mbili za mwanzo.

Nitaje kwa jina aina moja ya video ninayoichukia: zile za magogo makubwa, mtu yuko pekupeku au na ndala, anatumia ndoano ndefu ya chuma, maranda yanaruka, muziki unapiga, na kila baada ya sekunde tatu picha inarukishwa mbele. Wale watu wana ujuzi wa kweli mikononi, siwadharau. Ila kilichorekodiwa ni tamasha. Hujaona alivyonoa, hujaona kasi, hujaona alivyosimama, na pale patasi ilipokamata wamepaondoa. Mwalimu wa kweli hupaacha, au hukamatisha kwa makusudi ili akuonyeshe ilikuwaje. Video yenye patasi inayokamata na maelezo ya kwa nini ina thamani kuliko kumi zenye kazi safi.

Kabla ya video ya kukereza, angalia ya kunoa. Patasi butu hailazi maranda, inatoa vumbi, na inakulazimisha kusukuma. Ukisukuma ndipo inakamata. Hapa kuna mtego mmoja unaotuhusu sisi zaidi kuliko wao. Walimu wengi wa Ulaya na Marekani wanatumia patasi za chuma cha kasi, kinachovumilia joto kali bila kupoteza ugumu. Utawaona wananoa kwenye jiwe la umeme cheche zinaruka, chuma kinabadilika rangi, nao hawajali. Patasi zako, kama ni za wafua vyuma wetu, huenda zimetoka kwenye springi za gari. Chuma hicho ni kizuri, lakini makali yakigeuka rangi ya buluu kwenye jiwe, ugumu umeondoka na utanoa tena baada ya dakika chache. Wewe chovya kwenye maji kila mara, kabla hakijaunguza kidole. Kinyume chake, chuma cha kasi kikipata moto mkali usikitumbukize ghafla majini, kinaweza kupata nyufa ndogo. Kwa hiyo unapofuata somo la kunoa, ujue kwanza mwalimu ameshika chuma gani. Na zile video za kutengeneza patasi kutoka kwenye tupa kuukuu ziruke. Tupa ni ngumu lakini hukatika kama haikupunguzwa ugumu sawasawa, na kwenye mashine hii hukatika ikiwa inakuelekea wewe.

Kuhusu pembe za kunoa, hapo ndipo walimu wanapoonekana kugombana. Mmoja anasema nyuzi 40, mwingine 60. Mara nyingi wote wako sahihi, wanazungumzia patasi tofauti. Patasi ya mfereji ya kazi ndefu kama miguu hunolewa nyuzi 35 hadi 40 hivi. Ya bakuli pembe yake huwa kubwa zaidi, 50 hadi 60. Ile pana ya kuondolea pembe, 45. Ya kukwangulia inakwenda 70 hadi 80. Ukizijua hizo, nusu ya ugomvi unaisha. Nusu iliyobaki imalize kwa kuchagua mwalimu mmoja na kubaki naye mpaka miguu yako minne ifanane. Wa pili na wa tatu utawaelewa vizuri zaidi baadaye, maana utakuwa na mkono wa kuwapimia.

Nimtaje nani? Mmoja ninayempendekeza bila wasiwasi ni Richard Raffan, Mwingereza aliyehamia Australia, aliyeanza kukereza mwaka 1970. Amefundisha kwa miongo mingi na ana video zake YouTube. Ninampendea kwamba anatumia vifaa vichache, anarudia mkato uleule, na anaacha kamera ikae. Pia chama cha wakereza mbao cha Marekani, AAW, kilichoanzishwa 1986, kina masomo ya msingi na ya usalama kwa wanaoanza. Vyama vya namna hii havina haja ya kukuuzia patasi, na hilo lina uzito. Video ambayo kila dakika tano inakukumbusha kununua kibano kipya au patasi ya ncha ya kabaidi inatengeneza mteja. Patasi ya kabaidi si mbaya. Inakwangua, haihitaji kunolewa, na wanaoanza huipenda. Ila haitakufundisha kukata, na mguu wa paina uliokwanguliwa utaumaliza msasa wote wa dukani kabla haujawa laini.

Utalazimika kutafuta kwa maneno ya Kiingereza, hakuna njia nyingine. Usiandike neno la jumla la kukereza, utaletewa mabakuli. Andika "spindle turning", ndiyo kazi ya miguu na nguzo. Ukifika kwenye maumbo, andika "beads and coves", yaani vilima na mabonde. Ukitaka kujua kwa nini patasi inakamata, ongeza neno "catch". Maneno hayo matatu yatakutosha kwa miezi ya mwanzo.

Lugha isikutishe sana. Mara ya kwanza angalia bila sauti, kwa kasi ya nusu au hata robo, YouTube inaruhusu. Macho yako yawe kwenye mambo matatu: mpini uko juu au chini ya makali, mteremko ulionolewa nyuma ya makali umelala kwenye mti au umeinuka, na mwili unasogea kuanzia wapi. Mkereza mzuri mikono yake haisafiri sana, kiuno na miguu ndivyo vinavyosogea. Mara ya pili washa sauti na maandishi ya chini. Tafsiri ya mashine kwenda Kiswahili itakuchekesha kwenye maneno ya ufundi, lakini utapata mfuatano. Bando lako litumie kwa akili: maelezo ya mdomo yanaonekana vizuri hata kwa picha ya chini, panda kwenye picha safi pale tu kamera inaposogea kwenye makali. Na video moja uliyoichagua irudie, usitafute mpya kila jioni.

Mara ya tatu uangalie ukiwa umesimama mbele ya mashine, imezimwa, plagi imetoka. Funga mbao, weka patasi juu ya egemeo, laza mteremko juu ya mti, kisha mwambie kijana auzungushe mti kwa mkono polepole. Patasi kwanza inasugua tu, haikati. Inua mpini kidogo kidogo mpaka unyuzi mwembamba uanze kutoka. Hapo ndipo. Egemeo kwanza, mteremko pili, makali mwisho: mfuatano huo kila mwalimu mzuri anausema kwa maneno yake, na ukiuhisi mikononi mashine ikiwa imezimwa, ikiwashwa hautakupotea. Sijui zoezi jingine lisilo na gharama linalosaidia kuliko hili.

Kasi sasa, maana wengi hawaitaji na ndiyo inayorusha magogo. Kanuni wanayotumia wakereza ni kuzidisha kipenyo cha mti kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Mguu wa inchi 3 unaweza kwenda mizunguko 2,000 hadi 3,000. Bakuli la inchi 10 ni 600 hadi 900 tu, na hapo ni baada ya kuwa duara. Likiwa bado gogo lenye pembe, anza chini zaidi ya hapo. Soma kibao cha mota yako. Nyingi zetu zimeandikwa karibu 1,440, nyingine karibu 2,800. Puli ya mota ikiwa inchi 3 na ya mashine inchi 6, mota ya 1,440 inakupa 720. Zikiwa sawa kwa sawa, unapata 1,440 kamili, na kama hivyo ndivyo ilivyokuwa kwako wiki iliyopita, gogo la inchi 10 lilikuwa na haki ya kuruka. Mota ya Marekani ya aina hiyohiyo inazunguka zaidi yetu kwa moja ya tano, kwa sababu umeme wao ni wa hezi 60 na wetu 50, kwa hiyo usinakili puli zao, nakili mizunguko. Kabla hujanunua patasi nyingine yoyote, nenda kwa fundi wa mashine akuchongee puli ya ngazi tatu, moja upande wa mota na moja upande wa mashine. Kwa miguu ya kitanda usikimbilie hizo 3,000 pia. Fremu ya kuchomelea ikitetemeka, mguu mrefu unapiga kelele na kuacha mawimbi. Anza karibu na 1,000 na upande kadiri mashine inavyotulia.

Sasa nije kwenye soko lako, maana video nyingi zinalisahau. Mteja wa kitanda hanunui mguu mmoja. Ananunua minne inayofanana, na mwenye ngazi anaweza kutaka nguzo ndogo arobaini. Video nzuri za kazi moja ya kupendeza hazikufundishi hilo. Tafuta mwalimu anayekereza viwili au vinne na kuviweka pamoja mbele ya kamera, akuonyeshe alivyopima. Njia yenyewe ni ya zamani na rahisi. Unachukua kijiti bapa chenye urefu wa mguu, unaandika juu yake kila mahali umbo linapoanza na kuishia, na kipenyo chake. Mti ukishakuwa duara, unauzungusha huku umeweka kijiti, unachora mistari yote kwa penseli. Kisha kwenye mistari muhimu unazamisha patasi nyembamba ya kutengea mpaka kalipa, kile kipimio cha unene, ipite. Sasa vina vyote vimeshapangwa, kilichobaki ni kuunganisha maumbo kati yake. Jicho la mteja halioni tofauti ya milimita moja kwenye unene. Linaona mara moja pale kilima cha mguu mmoja kinapokaa juu kuliko cha mwenzake, kwa hiyo mistari ya penseli ndiyo inayostahili uangalifu wako wote. Ukipata mwalimu anayesema hivyo, huyo ameuza kazi kwa watu, mfuate.

Mbao za mazoezi ziwe za bei nafuu na zilizonyooka nyuzi. Walimu wa nje watakutajia miti ambayo Kiboriloni hutaiona. Usihangaike kuitafuta, angalia tabia yake tu: ni laini au ngumu, ni mibichi au mikavu. Paina na msaipresi kutoka mashamba ya West Kilimanjaro vinatosha kwa kuanzia, ingawa paina inararuka upesi patasi ikiwa butu, na kwa hilo ni mwalimu mzuri kwa haki yake. Vipande vya mgrevilea vinavyobaki watu wakipogoa vihambani vinakerezeka vizuri vikiwa vibichi. Jihadhari tu, utomvu na vumbi lake huwawasha baadhi ya watu ngozi. Mjakaranda ni laini na mpole. Mringaringa nikiupata huwa naufichia kazi ya maana. Chochote utakachochagua, epuka macho ya mti na nyufa, kwa sababu hapo ndipo vipande vinapochomoka.

Mpango wa mazoezi wenyewe uwe mwembamba. Kata vipande vya inchi mbili kwa mbili, urefu wa futi moja. Siku za mwanzo fanya mraba kuwa duara, basi, mpaka duara litoke laini bila msasa. Kisha mikato ya umbo la V. Kisha vilima. Kisha mabonde, ambayo ni magumu kidogo kwa sababu lazima ukate kutoka juu kushuka chini pande zote mbili na kuishia katikati. Anayevuka katikati akapanda upande wa pili, patasi inamkamata. Patasi ya mshazari, ile bapa yenye makali yaliyokatwa upande, iache mwishoni. Inakata safi kuliko zote na inakamata kuliko zote. Kila hatua, video moja. Ukimaliza kipande, kichome jikoni, chukua kingine.

Na ujirekodi. Mwombe mtu ashike simu usawa wa egemeo, karibu, kwa mwendo wa polepole kama simu yako inao. Halafu weka video yako kando ya ya mwalimu. Utaona kwamba mpini wako uko chini sana, au umesimama mbali, au egemeo limekaa mbali na mti kuliko la kwake. Mikono haitambui hayo, kamera inayaona.

Bakuli utalirudia baadaye, na kwa mashine yako utahitaji video za aina maalumu. Nyingi zinaanza na kibano cha taya nne ambacho huna, na bei yake huenda ikazidi ya mashine nzima. Tafuta za zamani kidogo, zinazotumia sahani ya chuma yenye matundu ya skrubu. Fundi wa mashine anaweza kukuchongea sahani hiyo ikiwa mhimili wako una nyuzi za skrubu. Skrubu hazilazimiki kuingia kwenye bakuli lenyewe. Unagundisha kipande cha mbao ya kawaida kitakoni kwa gundi ya mbao, ukiweka karatasi katikati, skrubu zinaingia kwenye kipande hicho, na kazi ikiisha unapachanua kwa patasi kwenye karatasi. Njia hii inataka mbao kavu na uso ulionyooka kabisa, na kichwa cha nyuma cha mashine, kile chenye ncha ya pili, kiendelee kulisukuma gogo muda wote unapokereza nje. Mwalimu anayeondoa kichwa cha nyuma mapema wakati gogo bado linayumba, humhitaji. Kwa mti mbichi, jifunze pia kukereza mara mbili: kwanza unaacha ukuta mnene kama sehemu ya kumi ya kipenyo, inchi moja kwa bakuli la inchi kumi, unapaka nta au rangi kwenye vichwa vya nyuzi, unaweka kivulini kwa miezi, likishajikunja ndipo unalikereza la mwisho. Video zinazoruka kipindi hicho cha kusubiri zinakuachia bakuli lenye ufa.

Mpingo nakuomba uache kabisa kwa sasa. Ni mzito kuliko maji, unakula makali, na vumbi lake linawasha pua na ngozi za watu wengi, kwa hiyo barakoa ni lazima. Kila kipande ni ghali, na mti wenyewe huchukua miongo mingi kufikia unene wa kukatwa. Nunua kwa muuzaji mwenye vibali tu, na ujue kwamba tangu 2017 uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, pamoja na karibu jamaa zake wote wa jenasi ya Dalbergia, jambo linalogusa usafirishaji wake nje ya nchi. Wewe ni mtu wa Moshi, kwa hiyo ujue na hili: hapo kwenu ndipo marehemu Sebastian Chuwa, mhifadhi wa mimea, aliposhirikiana na James Harris, mkereza wa Texas aliyekuwa akiutumia mpingo kwenye kazi zake, kuanzisha mwaka 1996 mradi wa kuuotesha. Harris alimwona Chuwa kwenye filamu kuhusu mti huo, akamwandikia barua. Vikundi vya wanawake, shule na vijiji vinavyozunguka mji vilipanda miche kwa malaki. Unapofika siku ya kuufunga mpingo kwenye mashine yako, uwe umeshajua kukata, ili usiugeuze vumbi.

Jambo la mwisho. Kukereza si kitu kilichokuja na YouTube. Vitanda vya zamani vya Unguja na Lamu vina miguu iliyokerezwa, na hapo Moshi kuna wazee wanaotengeneza miguu na nguzo za ngazi kila siku. Nenda na soda, omba kusimama pembeni asubuhi moja, usiguse kitu, sikiliza. Patasi inayokata vizuri ina sauti yake, laini na ya kuendelea, na kipaza sauti cha simu huipoteza. Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, nacho kiko hapohapo mjini. Ukiwa na swali la ukaushaji wa mbao, ulizia huko kabla ya kutafuta video. Ukitoka kwa mzee, fungua ile video moja uliyoichagua, punguza kasi iwe nusu, uiangalie tena.